Chokaa ya Wageni

Ukifika Chinyamisi ukakuta nyasi za kijani, jua kuna mgeni anakuja. Nyasi zetu za kawaida zina rangi ya biskuti. Mimi nimekulia juu ya biskuti hizo, nikasoma juu yake hadi kidato cha nne, kisha nikapata kazi katika hekari moja tu iliyokuwa ya kijani miaka mitatu mfululizo: Kituo cha Hali ya Hewa cha Chinyamisi, kilomita arobaini kutoka Dodoma mjini, Shahidi namba kumi na moja kati ya Mashahidi kumi na saba wa dunia nzima.

Siku ile, wiki mbili kabla ya kikao cha Baraza la Mwavuli, mkuu wa kituo, Bwana Lemabi, alikuwa amechuchumaa njiani akipaka jiwe chokaa kwa mswaki. Mawe makubwa alikwisha kuyapaka kwa brashi ya kawaida. Mswaki ulikuwa wa yale madogo ya pembeni.

"Mkuu, hilo lilinawa uso jana," nikamwambia.

"Lina doa."

"Wajumbe wa Baraza wanakuja na darubini?"

"Binti, mgeni rasmi haangalii mawe mia yaliyo safi. Anaangalia lile moja chafu, halafu anauliza mkuu wa hapa ni nani." Akapuliza jiwe likauke. "Kafungulie maji."

Nikafungulia. Mipira sita ya kunyunyizia ikaanza kuzunguka, tiki tiki tiki, ukungu wa maji ukatua kwenye nyasi, kwenye miarobaini iliyopakwa chokaa hadi kiunoni, na kuzunguka kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama katikati ya uwanja kwa miguu minne. Ndani ya kisanduku hicho mlikuwa na kipimajoto. Kazi yangu ilikuwa kukifungua saa tisa kamili alasiri, kusoma kwa macho yangu mwenyewe, kuandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kutuma.

Saa tisa nilisoma 36.1. Nikatuma. Dunia ikapokea.

Usinicheke, dunia ilipokea kweli. Juu yangu anga lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kama linavyokuwa siku zote tangu Mwavuli ufunguliwe miaka kumi na moja iliyopita. Watoto wa chekechea wakichora anga siku hizi hawaigusi rangi ya bluu. Kila siku ndege elfu mbili zisizo na rubani hupanda kilomita ishirini kwenda juu na kumwaga unga wa mawe ya chokaa, mlaini kuliko poda ya mtoto. Unga hurudisha jua kidogo huko lilikotoka, na huku chini tunapata nafuu. Ndiyo, chokaa ileile. Binadamu walipoona dunia imeungua walifanya ambacho Bwana Lemabi angefanya: wakaipaka.

Ugomvi ulikuwa ni kiasi gani imwagwe, na juu ya nani. Kila ukanda wa dunia una dozi yake. Ukimwaga sana mvua inakimbia, ukimwaga kidogo watu wanaungua. Setilaiti zinaweza kupima, lakini setilaiti zina wenyewe, na wenyewe wana kura, kwa hiyo hakuna aliyemwamini mwenzake. Ndipo Baraza la Mwavuli likakubaliana jambo la kizee kabisa: vituo kumi na saba, kila kimoja na mtu wake mwenye macho, anayepima pale alipo na kusimama mbele ya Baraza kusema alichoona. Chinyamisi ilisimama kwa niaba ya ukanda wote wa katikati ya Afrika, watu milioni mia tatu. Nusu yao hawajui kama tupo.

*

Mama mdogo Matika ndiye aliyenilea. Anachuma zabibu katika mashamba yaliyo nyuma ya kituo, mwendo wa robo saa kwa miguu. Siku hizi zabibu huiva Oktoba, mwezi ambao hata mjusi huomba ruhusa kabla ya kuvuka barabara.

Siku hiyohiyo alianguka katikati ya mistari. Walimbeba kwa turubai hadi zahanati, wakamwagia maji, akafumbua macho, akasema joto lilikuwa limezidi. Muuguzi akaangalia simu yake. "Kituo kinasema thelathini na sita, mama. King'ora hakijalia."

King'ora ndicho kilichokuwa mlinzi wetu. Sheria ya Joto inasema kituo kikisoma 38, mkuu anabonyeza kitufe, king'ora kinalia hadi vijiji sita, na kila aliye juani anaacha kazi hadi joto lishuke. Ujira wa siku yako unabaki kamili, na hakuna wa kukuuliza. Lakini king'ora chetu kilikuwa na miaka mitatu hakijafungua mdomo. Shomoro alikuwa amejenga kiota ndani ya pembe yake, akatotoa, watoto wakakua, wakaoa.

Mimi, kwa akili zangu, nilikwenda kumwona mgonjwa nikiwa na utani mkononi badala ya maziwa.

"Shikamoo mama mdogo. Naona umeanza kuzeeka kwa vitendo."

"Marahaba. Kuna moto kule shambani, Seche."

"Nimepima mwenyewe. Thelathini na sita nukta moja. Hilo joto ni la kukausha nguo tu."

Hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama zabibu iliyooza, bila hasira, akitafuta tu pa kuitupa. "Wewe unapima pale kwenye bustani yenu," akasema. "Njoo upime pale nilipoangukia. Halafu ndipo uchekeshe watu."

Nilikuwa na kisanduku cha pili. Dakta Mumbua Kilonzo, mwanasayansi wa Baraza mwenye asili ya Kitui, alikuwa amekileta kijaribiwe kando ya kile cha zamani. Bwana Lemabi alikitia stoo kwa sababu hakikuwa kimepakwa rangi na kingeharibu picha. Nikakifunga nyuma ya baiskeli, nikakisimika kwenye mistari ya mizabibu, mahali palepale, kwa nia moja tu: kumshinda mama mdogo katika ubishi.

Saa tisa ya siku iliyofuata, kituoni, 36.3. Nikapanda baiskeli mbio hadi shambani. 39.0.

Nikasema kisanduku kibovu. Kesho yake nikabadilishana vipimajoto, cha kituo nikakipeleka shamba, cha shamba nikakileta kituoni. Kituoni 36.2, shambani 38.9. Kwa hiyo vipimajoto vilikuwa vizima na mbovu alikuwa mwingine.

Siku ya tatu nikafanya kitu ambacho mwalimu wangu wa fizikia angekipenda, kama angeamini ni mimi. Nilichukua kipimajoto kimoja, nikakikinga jua kwa ungo wa mama mdogo, nikaanza kutembea kutoka shambani kwenda kituoni. Kila hatua hamsini nasimama, nangoja, naandika. Shambani 39. Njia ya ng'ombe 39. Uzio wa kituo 38.7. Nikavuka uzio. Mawe meupe, 37.9. Nyasi zenye maji, 36.8. Chini ya pua ya kisanduku chetu kitukufu, huku mpira ukininyunyizia mgongo, 36.2.

Ni jambo ambalo hata mbuzi analijua, ndiyo maana hulala palipomwagiwa maji. Maji yakikauka kwenye jani yanaondoka na joto, kama jasho linavyoondoka na joto la mwili. Mawe meupe yanalikataa jua kabla halijaingia ardhini. Tulikuwa tumetengeneza friji ndogo ya hekari moja, tukaweka kipimajoto ndani yake, na kuitangazia dunia kwamba Afrika ya kati imepoa.

Na hakuna aliyekusudia. Hapo ndipo pa kuchekesha. Mwaka wa kwanza walikuja wageni, tukamwagilia wiki moja kabla. Namba ikashuka. Baraza likafurahi, ukanda wetu umepoa kuliko ilivyotegemewa, twendeni tukaone maajabu. Wageni wakaongezeka. Tukamwagilia mwezi mzima. Namba ikashuka tena. Wakaja wengi zaidi, na waandishi, na kwaya ya shule ikatungiwa wimbo. Mwaka wa tatu maji hayakuwa yakifungwa kabisa, kwa sababu mgeni mmoja akiondoka mwingine alikuwa njiani anauliza barabara. Na dozi yetu, kwa sababu tumepoa vizuri hivyo, ikapunguzwa mara mbili.

Nilisimama mbele ya kisanduku nikacheka hadi nikajishika mbavu. Kisha nikamwona yule shomoro akitoka kwenye pembe ya king'ora, na kicheko kikaniishia.

Kwa siku tisa niliandika namba zote mbili. Katika siku tisa, shamba lilivuka 38 mara saba.

*

Bwana Lemabi alisoma daftari langu lote kwa utulivu, vidole vyake vyeupe vikiacha alama kwenye kila ukurasa.

"Limesomwa na nani?"

"Na wewe, Mkuu."

"Basi tunaweza kulifunga."

"Mama mdogo alianguka."

"Nilimpelekea maziwa."

"Maziwa alikunywa. King'ora ndicho hakukisikia."

Akakaa juu ya jiwe, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, maana chokaa inabaki kwenye suruali. "Mwaka ule wa kwanza alikuja waziri," akasema. "Hukuwa umeajiriwa. Hapa palikuwa vumbi tupu. Akakaa kwenye kiti, akainuka, makalio yote vumbi. Picha ikatoka magazetini. Nchi nzima ikamcheka waziri, na waziri akanipigia simu mimi. Akaniuliza, wewe Lemabi, kwenu mgeni mnampokea hivi?" Akafuta chokaa vidoleni. "Mimi ni Mgogo, Seche. Mtu aniulize hivyo, kuhusu mgeni? Nikaapa hakuna atakayetoka hapa na vumbi tena."

Nilikuwa na utani wa kumjibu, ila niliumeza.

"Sikuwahi kubadilisha namba hata moja," akasema.

"Najua. Nami pia. Tulipokea wageni tu."

Mchana huohuo Dakta Mumbua alikuja kunichukua. Kikao kilikuwa kesho yake Dodoma, na Shahidi husoma rekodi yake mwenyewe. Nilimweleza garini. Alisikiliza kwa kilomita kumi, kisha akaegesha kando ya barabara na kuzima injini. Ni mwanamke mrefu, mpole, anayependa karanga. Alikuwa na mfuko wake mapajani, akaufunga.

"Umeambia nani?"

"Mkuu na wewe. Na mama mdogo, ila yeye ndiye aliyeniambia mimi."

"Sikiza, Seche. Unajua kesho tunapigia nini kura?"

"Dozi."

"Dozi ya miaka kumi. Ikipita, kila ukanda unafungiwa kiwango chake, hakuna kugusa. Tumepigania hiyo kura miaka minne, kwa sababu bila hiyo kila serikali ikibadilika wanataka kubadilisha anga pia. Na unamjua Orsolo?"

Namjua. Kila mtu anamjua. Bwana Orsolo ni kiongozi wa Kambi ya Anga Wazi, wanaotaka Mwavuli ufungwe. Ana sauti ya mtangazaji wa mpira na mashati mazuri mno.

"Kifungu cha tisa," Dakta akasema. "Shahidi mmoja akionekana si wa kweli, mjumbe yeyote anaweza kuomba Mwavuli usimamishwe wote, palepale, kwa kura ya siku hiyo. Orsolo amekuwa akimtafuta huyo Shahidi kama mtu aliyepoteza funguo. Na tukisimamisha, lile joto tuliloliweka kando miaka kumi na moja halirudi kwa miaka kumi na moja. Linarudi kwa miwili. Mahindi hayawezi kujifunza haraka hivyo. Hata watu hawawezi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho soma namba zako, ukae chini. Baada ya kura funga maji polepole, wiki hadi wiki. King'ora kitaanza kulia chenyewe. Mama yako mdogo atapumzika."

Ilikuwa nafuu tamu sana. Niliionja kidogo. "Dozi yetu?"

Akageuza uso dirishani.

"Daktari, kura ikipita dozi yetu inafungwa juu ya namba za bustani. Kivuli chembamba, miaka kumi. King'ora kitalia kila siku ya Mungu, na huko juu hakuna anayeruhusiwa kuongeza hata kijiko."

"Ndiyo."

"Kwa watu milioni mia tatu."

"Ndiyo, Seche. Nimepiga hesabu tangu kilomita ya pili." Akawasha injini. "Ukisema, wanaweza kung'oa paa lote. Usiposema, wenu ndio wanabaki chini ya tundu. Mimi nakuomba unyamaze. Siwezi kukuamuru, wewe ndiye Shahidi. Lakini nakuomba."

Akanipa mfuko wa karanga. Tulikula hadi Dodoma.

*

Ukumbi wa Baraza umejengwa kwa duara, ili asiwepo aliyekaa nyuma. Mashahidi kumi na saba tulikaa safu ya katikati, kila mmoja na daftari lake la karatasi. Kushoto kwangu alikuwa Oyuna, dada mnene mcheshi kutoka nyika za Mongolia. Kulia alikuwa Wilmer, mzee wa milima ya Bolivia, aliyekuwa akisinzia kwa heshima. Sikioni tulivaa vidude vya tafsiri vinavyokuletea sauti ya mtu kwa lugha yako, pamoja na kikohozi chake.

Utaratibu ni mfupi. Unasimama, unataja kituo chako, unasema "nimepima kwa macho yangu", unasoma wastani wa mwaka, unakaa. Kumi wa kwanza walimaliza kwa dakika sita. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu, akasema, "Chinyamisi."

Nikasimama. Dakta Mumbua alikuwa mbele yangu, ng'ambo ya duara. Hakunitazama.

Nilikuwa sijaamua. Nasema kweli. Nilifungua daftari, na ukurasa uliofunguka ulikuwa na alama ya kidole cheupe cha Bwana Lemabi, kamili, hadi mistari ya ngozi, juu ya 39.0.

"Chinyamisi," nikasema. "Nimepima kwa macho yangu. Kituoni, wastani wa saa tisa alasiri kwa siku tisa za mwisho, 36.2. Hatua elfu moja na mia tano kutoka hapo, katika shamba la zabibu, 38.9. Namba ya kwanza ni ya kwetu. Ya pili ni ya watu."

Mwenyekiti akavua miwani. "Fafanua, Shahidi."

Nikafafanua. Niliwaeleza mipira sita, mawe, mswaki, suruali ya waziri. Walicheka kwenye mswaki, wakacheka zaidi kwenye suruali. Nilipofika kwenye turubai walilombebea mama mdogo wakaacha. Nikawasomea matembezi yangu na ungo, hatua hamsini kwa hamsini, namba kwa namba, na niliwaona wanasayansi kwenye viti vya nyuma wakiinama kuandika mmoja mmoja.

Bwana Orsolo alikuwa amesimama kabla sijamaliza.

"Mwenyekiti, Kifungu cha tisa," akasema kwa ile sauti yake ya goli. "Shahidi amekiri mwenyewe. Miaka mitatu tumeambiwa Mwavuli unaipoza Afrika, kumbe kilichoipoza ni bomba la bustani. Kama hili ni la uongo, ni lipi la kweli? Naomba Mwavuli usimamishwe leo."

Viti vililia. Watu walikuwa wanageuka kuangaliana, kama watu wanavyofanya wanapotaka kujua wenzao wataogopa au la. Mwenyekiti akaniangalia. "Shahidi ana la kusema kabla sijaiita hoja?"

Nilikuwa nalo.

"Mheshimiwa Orsolo, shikamoo. Mimi na wewe tunafahamiana. Umekuja Chinyamisi mara sita."

Akaitikia kwa kichwa, kwa tahadhari.

"Mara ya mwisho ulipiga picha umelala kwenye nyasi, ukasema hujawahi kuona ubichi kama ule. Tulimwagilia siku kumi na nne kwa ajili ya picha ile. Nimeangalia daftari. Kila ulipokuja ulitupoza karibu nusu digrii. Kwa kweli katika ukanda wetu wewe umefanya kazi kubwa kuliko ndege zote."

Kicheko kilianzia kwa wakalimani, nafikiri, kwa sababu kilinifikia sikioni kabla ya kufika ukumbini. Orsolo mwenyewe alijaribu kutocheka, mdomo ukamsaliti pembeni.

"Sisemi Mwavuli haufanyi kazi," nikaendelea kilipotulia. "Kipimajoto chetu hakikudanganya hata siku moja. Kilisema joto la mahali kilipowekwa, na sisi tukapabadilisha mahali hapo kwa ajili yenu. Mtu akipima homa ya mgonjwa huku kamwekea barafu kwapani, huvunji hospitali. Unatoa barafu, unapima tena. Hilo tu ndilo ninaloomba. Barafu ni wageni. Na wageni ni nyinyi."

Nikakaa.

Mwenyekiti akafungua kinywa kuita hoja, ndipo Oyuna aliposimama. Haikuwa zamu yake. "Sisi huwa tunawasha jiko," akasema. Sauti ya mkalimani ilisita, kama aliyetaka kuhakikisha. "Wageni wakija kwetu wanaganda. Siwezi kumwacha mgeni agande. Jiko liko mita nne kutoka kwenye kisanduku. Nadhani namba zetu ni za juu kuliko inavyostahili. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Mzee Wilmer akaamka, au labda hakuwa amelala. Kwao wageni huja na mabasi matatu, yanaegeshwa ubavuni mwa kisanduku na injini zinaachwa zikinguruma siku nzima kwa sababu ya baridi ya milimani. Baada yake akasimama mwingine, na mwingine. Walikuwa wanasema kwa haya, kama watu wanaokiri kwamba wanakula usiku wakati wengine wamelala. Mmoja alikuwa akikata miti ili wageni waone mandhari. Mmoja alikuwa akipanda. Nilihesabu kumi na moja. Kumi na moja kati ya kumi na saba, baadhi wamepoza, baadhi wamepasha, na wote kwa sababu moja, kwamba hakuna aliyetaka mgeni aondoke vibaya.

Dakta Mumbua akaomba nafasi. Hakuwa na karatasi. Alisema kwamba kama makosa yangekuwa ya upande mmoja Orsolo angekuwa na hoja, lakini yanavutana pande zote mbili, kwa hiyo leo hakuna mtu duniani anayeweza kusema Mwavuli unazidi au unapungua, na asiyejua kama dawa inazidi au inapungua haikati ghafla wala haifungi kwa miaka kumi. Anapima. Akapendekeza siku tisini. Dozi zibaki zilivyo, kura isogezwe, ziara zote zifutwe, na kila Shahidi apewe kisanduku cha pili, kiwekwe mahali watu wanapofanyia kazi.

Hoja ya Orsolo ilipigiwa kura kwanza. Ilianguka kwa kura mbili. Nataka mlijue hilo, kwa sababu watu siku hizi wanaisimulia kama harusi. Zilikuwa kura mbili tu.

Siku tisini zikapita bila kupingwa. Chinyamisi ikaondolewa kwenye orodha ya Mashahidi hadi upimaji mpya ukamilike. Ikaamuliwa kibao chetu cha shaba pale getini king'olewe. Bwana Lemabi alikisugua kila Ijumaa.

Nje kwenye korido Dakta Mumbua alinipita, akarudi. "Nilikuomba unyamaze."

"Uliniomba."

"Sijui nianze na lipi, kukugombeza au kukushukuru."

"Anza na karanga," nikamwambia.

Akanipa mfuko wote. Hakutabasamu, lakini alinipa wote.

*

Saa tisa na dakika kumi simu yangu iliita. Bwana Lemabi. Nikatoka nje kwenye ngazi, chini ya lile anga la maziwa, nikajiandaa kutukanwa.

"Nimetazama kikao," akasema. "Chote, moja kwa moja."

"Mkuu, kuhusu suruali ya waziri..."

"Ulisema makalio mekundu. Yalikuwa ya kahawia." Alikuwa anahema kama mtu anayetembea haraka. "Nimefunga maji. Niko shamba la zabibu, hapa kwenye kisanduku chako. Nimekisoma mwenyewe, 39.1. Sikukiamini, nikakisoma tena. Binti, hili boksi lako halina hata rangi."

"Si utalipaka?"

"Kwa nini nilipake? Kuna mgeni?" Kisha akasema, taratibu zaidi, "Narudi kituoni. Usikate."

Sikukata. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto kwa robo saa nzima, mlango wa chuma, funguo. Nikasikia akimfukuza mtu kwa upole, toka, toka mama, chukua wanao, na nikajua anazungumza na shomoro. Halafu king'ora kikalia.

Kwanza kilikohoa majani makavu. Kisha kikapata sauti, kikapanda, kikapanda tena, hadi simu ikawa inatetemeka sikioni mwangu kilomita arobaini mbali, na watu waliokuwa kwenye ngazi za Baraza wakageuka kuona ni nini kinachonililia mkononi.

Katikati ya kelele hiyo simu nyingine ikaingia. Nikaipokea. Huku nako king'ora kilikuwa kinalia, kwa mbali kidogo, na mbele yake sauti ya mama mdogo Matika akiwa amekasirika sana.

"Seche. Nimebakiza mstari mmoja tu na watu wote wamekaa kivulini wanakunywa maji. Nani kawasha hilo dude?"

"Mimi," nikamwambia. "Kaa chini, mama mdogo."

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.